Tuandike majina yao: juu ya askari wetu waliokufa

(Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana wa Kisangani, jioni ya tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi.)

Aksanti kwa kuacha chakula cha sikukuu nyumbani na kuja kusikiliza maneno ya mtu ambaye hana kazi wala kiti chochote. Nitajaribu nisiwachokeshe.

Leo asubuhi wengi wetu tulikuwa makaburini, kweli ao uwongo? Ndiyo desturi yetu katika Kongo. Tarehe 1 Agosti, asubuhi ni ya wazazi waliolala: tunakata majani, tunafagia, tunaweka maua, tunawaambia habari za nyumba. Jioni ni ya wazazi walio hai.

Mimi nilienda na mama. Tulisafisha kaburi la babu, kiisha la bibi. Kiisha mama akasogea pembeni hatua tatu nne, akaanza kukata majani mahali ambapo hakuna kitu. Hakuna msalaba, hakuna udongo ulioinuka. Nikamwambia, "Mama, pale hakuna mutu." Akanijibu bila kuinua kichwa: "Najua. Ni ya kaka yangu."

Kaka yake ni noko wangu. Alikuwa askari wa FARDC, sajini. Alikufa mwaka 2012 upande wa Rutshuru, katika vita ya M23. Tulijua namna gani? Mwenzake wa kikosi alipiga simu usiku. Akasema, "Mukubwa ameanguka," kiisha yuniti zikamwishia, simu ikakatika. Mpaka leo, ile simu ndiyo karatasi yetu ya kifo. Mke wake alienda katika ofisi moja, wakamwambia karatasi haijafika. Akarudi, wakamwambia aje wiki ijayo. Alirudi mpaka akachoka kulipa toleka ya kwenda na kurudi. Noko hana kaburi tunalolijua. Hana tarehe. Ndiyo sababu mama alimtafutia meta moja ya majani pembeni ya baba yao.

Noko aliacha watoto watatu. Mkubwa wao sasa ana miaka kumi na saba. Juzi aliniuliza: "Yaya, baba alikufa mahali gani kabisa? Alikuwa anafanya nini ile siku?" Nikakosa jibu. Mimi, mwenye lisansi ya historia kutoka chuo kikuu! Uniulize vita ya Waterloo, nitakuambia ilikuwa tarehe 18 Juni 1815. Uniulize juu ya mtu aliyenibeba mgongoni, sina hata mwezi. Ile siku niliona haya, na haya hiyo ndiyo imenileta mbele yenu.

Neno langu leo ni moja tu: askari aliyekufa hatakumbukwa na taifa kama hakuna mtu wa kwao aliyeandika jina lake na habari yake. Tusingoje Kinshasa. Tuanze sisi, hapa, barabara kwa barabara, kabla wajane hawajamaliza kutuacha.

Mtasema: lakini majina yapo, nchi hii imejaa majina ya askari. Ni kweli. Tuyaangalie pamoja.

Ukifika Kinshasa utasikia kambi Kokolo. Utasikia kambi Tshatshi. Tunayasema majina haya sawa vile tunasema jina la soko. Kokolo alikuwa koloneli, Justin Kokolo. Aliuawa Novemba 1960, miezi michache tu baada ya uhuru, katika mapigano na askari wa Umoja wa Mataifa kwenye ubalozi wa Ghana. Tshatshi naye alikuwa koloneli wa jeshi la taifa. Na yeye alifia wapi? Alifia hapa. Hapa katika mji wetu wa Kisangani, Julai 1966, wakati askari wa Katanga walipoasi. Ni wangapi kati yetu, tuliozaliwa hapa, tulioenda shule hapa, tulijua kwamba mtu ambaye kambi kubwa ya Kinshasa inabeba jina lake alimwaga damu yake katika mji huu? Mimi niliijua nikiwa chuo kikuu, tena kwa bahati, katika kitabu nilichoazima kwa sababu nyingine.

Na hapa kwetu, tunapita karibu na kambi Ketele kila siku. Uulize kijana yeyote wa toleka: Ketele ni nini? Atakuambia, "Ni kambi." Muulize tena: Ketele ni nani? Atacheka.

Tuendelee. Wale waliofika Kinshasa wanajua soko la Gambela. Wanajua barabara ya Asosa na barabara ya Saio. Gambela, Asosa na Saio ni miji ya Etiopia. Mwaka 1941, askari Wakongomani wa Force Publique walitoka nchi hii, wakapitia njia ya Aba, kule kaskazini katika jimbo letu la zamani la Orientale, wakaingia Sudani, wakapanda mpaka Etiopia kupigana na jeshi la Italia. Mwezi wa Machi wakakamata Asosa na Gambela. Tarehe 3 Julai 1941, pale Saio, Waitalia wakaweka silaha chini, na majenerali wao 9 wakatekwa. Wengi wa Wakongomani waliokufa katika safari ile hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa na magonjwa. Leo mama anauza mboga Gambela, mtoto anacheza mpira barabara ya Asosa, na hakuna anayejua kwamba anatembea juu ya jina la vita ambayo pengine babu wa babu yake alienda na hakurudi.

Nyuma zaidi, tarehe 19 Septemba 1916, askari wa Kongo waliingia Tabora, katika nchi inayoitwa leo Tanzania, baada ya kuwafukuza Wajerumani. Nyuma yao na mbele yao walitembea wapagazi zaidi ya laki mbili, wenye masanduku ya risasi na vyakula juu ya vichwa. Medali walipata wakubwa Wabelgiji. Wapagazi hata orodha hawana.

Mnaona tatizo? Jina la mahali limebaki, mtu amepotea. Bango la barabara halisemi kitu kama hakuna mtu wa kukaa na mtoto na kumwambia: huyu alikuwa mtu, alikuwa na mama, alikufa hivi.

Mwezi wa Juni 2022, mfalme wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvalisha medali kaporali Albert Kunyuku, mzee wa miaka mia moja, aliyekuwa na Wakongomani waliotumwa Burma katika vita ya pili ya dunia. Niliangalia ile picha katika simu yangu muda mrefu. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini nilifikiri: ili jina lake lisemwe mbele ya watu, kaporali huyu alipaswa kuishi miaka mia. Wenzake waliokufa na miaka ishirini na mbili, nani atawavalisha?

Sasa tuje karibu, kwa kizazi chetu. Koloneli Mamadou Ndala. Hapa sitawafundisha kitu, kila mtu hapa anamjua. Mtoto wa Ibambi, kule Wamba, wa jimbo letu la zamani la Orientale. Mwaka 2013 aliongoza vikosi vya komando vilivyorudisha nyuma M23: Kibati, Rutshuru, mpaka Bunagana. Mwezi wa Julai mwaka ule, uvumi ulipotoka kwamba anaitwa kurudi Kinshasa, vijana wa Goma waliingia barabarani kusema hapana. Tarehe 2 Januari 2014 gari lake lilipigwa roketi karibu na Beni, akafa. Mwezi wa Novemba mwaka uleule, mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo ofisa wa jeshi letu wenyewe kwa ajili ya mauaji hayo. Picha ya Mamadou iko katika simu zetu, iko juu ya pikipiki, iko katika ukuta wa vinyozi.

Lakini katika lile gari Mamadou hakufa peke yake. Alikufa na walinzi wake. Nani hapa anaweza kunitajia jina la mmoja wao?

(Hapa nilinyamaza. Hakuna aliyejibu.)

Siwalaumu, na mimi sikuyajua. Januari 2025, jenerali Peter Cirimwami, gavana wa Kivu ya Kaskazini, aliuawa akiwa mbele ya vita, siku chache kabla ya Goma kuanguka. Jina lake lilisemwa dunia nzima. Askari wadogo waliolala kule siku zilezile, wengi wao majina yao yanajulikana tu katika nyumba kama ya mama yangu. Na nyumba zile ziko wapi? Ziko hapa, ziko Mangobo, ziko Kabondo, ziko Lubunga ng'ambo ya mto.

Sasa najua kuna ndugu hapa ana neno moyoni. Mmoja aliniambia hata kabla ya mkutano: "Wewe, unataka tulilie askari? Wale wanaotusumbua usiku kwa kutafuta franka? Wale waliotuua?" Ni swali la haki, na sitalikimbia. Sisi watu wa Kisangani hatuwezi kusema juu ya watu wenye silaha kama watoto wasiojua kitu. Kutoka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu siku sita. Mabomu zaidi ya elfu sita yalianguka juu ya nyumba, shule, makanisa. Wazazi wetu walilala chini ya vitanda pamoja na sisi. Tunajua silaha ni nini.

Lakini kumbukeni pia tarehe 14 Mei 2002. Ile asubuhi kulikuwa uasi ndani ya kundi la RCD-Goma lililotawala mji. Kiisha likaja lipizo. Raia waliuawa Mangobo. Na usiku, askari na polisi waliokamatwa walipelekwa kwenye daraja la Tshopo, wakauawa, wakatupwa majini. Waliowaua walikuwa na uniforme. Waliouawa nao walikuwa na uniforme. Wale waliotupwa katika mto walikuwa waume wa watu wa mji huu, na wajane wao walipita masoko yaleyale tunayopita sisi.

Kwa hiyo ndugu yangu, mimi sikuombi usahau mabaya ya jeshi. Kinyume chake. Askari aliyebaka, aliyeiba, aliyeua raia, tutaendelea kudai ahukumiwe, na ndilo jambo tunalofanya kila siku. Lakini kama tukikataa kuandika jina la yule aliyekufa akizuia adui asifike kwetu, kwa sababu mwenzake ni mwizi, basi tumemsaidia mwizi: tumewaweka wote katika shimo moja, na hakuna atakayejua tofauti. Ukumbusho wa kweli unatenga. Unasema: huyu alifanya hivi, yule alifanya vile. Sikukuu na magwaride haziwezi kazi hiyo. Zinasema "mashujaa wetu" kwa jumla, kiisha watu wanakunywa na kurudi nyumbani.

Tena kuna jambo la leo. Mwezi wa Novemba 2022 rais wa jamhuri aliita vijana waingie jeshi kwa wingi, na vijana maelfu waliitika nchi nzima. Rafiki yangu mmoja, tulikaa benchi moja chuo kikuu miaka mitatu, alikwenda. Nilimuuliza kama ni upendo wa nchi ao ni kukosa kazi. Akacheka, akasema, "Yote mbili, yaya. Unafikiri ni vitu viwili?" Kiisha akaniambia neno ambalo silisahau: "Nikifa, usiache waseme tu 'askari mmoja amekufa.' Useme ni mimi." Yuko hai, Mungu asaidie. Lakini kila nikisikia katika redio "tumepoteza askari kadhaa", ninasikia sauti yake. Nchi inayoita watoto wake kwa sauti kubwa wakati wa kuandikishwa haiwezi kuwataja kwa sauti ndogo wanapokufa. Katiba, kifungu cha 187, inawapa kazi ya kulinda mipaka ya nchi na kuilinda nchi yenyewe. Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, inayohusu askari wa FARDC, inataja haki za familia yake akifa. Haki hizo zinaanza na jina. Mjane bila karatasi yenye jina na tarehe, atadai nini?

Jirani zetu wanatuonyesha kwamba inawezekana. Tarehe 7 Desemba 2017, pale Semuliki, katika eneo la Beni, waasi walishambulia kambi ya MONUSCO. Watanzania 15 walikufa kwa ajili ya usalama wetu sisi. Miili yao ilirudishwa Dar es Salaam na kuagwa kwa heshima mbele ya viongozi na familia. Na kila mwaka, tarehe 25 Julai, Tanzania wana Siku ya Mashujaa. Tunaweza kusema mengi juu ya sherehe za serikali, lakini mtoto wa askari wa Tanzania anajua baba yake analala wapi. Mtoto wa noko wangu hajui.

Basi tufanye nini? Mimi nimenunua kaye moja, ya kurasa mia. Pesa yake nilipata kwa kuandikia mtu TFC yake, msicheke, kazi ni kazi. Kwa miezi miwili iliyopita, mimi na wenzangu wanne tumepita katika nyumba za jirani, baada ya saa kumi, wakati mama wamerudi sokoni. Mpaka leo tuna majina kumi na mawili. Wa zamani kuliko wote alikufa wakati wa Mobutu, wa karibuni mwaka jana. Tunaandika hivi.

Kwanza, jina lote, na jina la baba na mama yake. Mwaka aliozaliwa na barabara alipokulia. Kiisha cheo, kikosi kama familia inakijua, mahali na siku alipokufa. Tunaandika pia nani ametuambia. Kama ni neno la simu ya usiku, tunaandika "neno la simu". Hatupambi. Kama familia mbili zinasema mambo mawili, tunaandika yote mawili.

Pili, tunaandika mtu mwenyewe. Alipenda kula nini, alichezea timu gani, alikuwa na sauti gani. Mama mmoja alituambia mtoto wake alikuwa anatengeneza redio za barabara nzima, na kwamba redio aliyoiacha kifuani mwa kabati bado inasema mpaka leo. Sentensi ile inafaa kuliko hotuba kumi.

Tatu, tunaomba ruhusa. Kuna mjane aliyekataa, akafunga mlango. Ni haki yake, hatukurudi. Na hakuna jina linalowekwa katika intaneti kabla ya familia kusema ndiyo. Kuhusu askari walio hai, hatuandiki kitu: mahali walipo na idadi yao si habari ya kuchezea, kuna vita.

Nne, kaye haitalala kwangu. Kuna kopi mbili, na ya tatu tutaomba iwekwe katika shule ya kartie, ili mwalimu akifundisha historia awe na ukurasa mmoja wa watu wa hapa. Na tutapeleka orodha kwa wenye mamlaka tukiuliza kwa maandishi, jina kwa jina: huyu amezikwa wapi? Familia yake itapata karatasi lini? Tutauliza kwa amani, na tutarudi kuuliza. Kuuliza hakuhitaji mshahara, na muda tunao, kwa bahati mbaya.

Ninyi mlio mbali, mnaosoma katika simu huko Bunia, Goma, Lubumbashi ao Kinshasa, hamtuhitaji sisi ili kuanza. Nunueni kaye. Anzeni na nyumba yenu, kiisha nyumba ya pili.

Mtaniuliza jina la noko wangu. Ndilo la kwanza katika kaye, ukurasa wa kwanza. Lakini sitalisema hapa, kwa sababu mama hajakubali bado liende katika intaneti, na nimewaambia sasa hivi kanuni yetu. Leo tulipotoka makaburini alisema atafikiri. Kiisha, tulipofika karibu na nyumba, akasema: "Andika kwamba alikuwa anaogopa maji. Mutoto wa Kisangani, mto mbili, na alikuwa anaogopa maji." Nilikuwa sijui. Nimeandika.

Jioni hii nitamkalisha mtoto wake mkubwa, nimpe kaye na kalamu. Ukurasa wa baba yake bado una nafasi nyingi, na kuna wazee wa barabara yetu walioenda naye shule ambao hatujawauliza. Kesho asubuhi tunaanza nao. Mwenye kutaka kuja, tunakutana hapa hapa, saa mbili.

Sikukuu njema kwa wazazi walio hai, na usingizi mwema kwa waliolala, wenye makaburi na wasio na makaburi.